SSD mpya na Windows inayogoma kuingia: mwongozo wa kujikwamua

Umenunua SSD (diski ya kisasa isiyozunguka), umefungua laptopu, umeichomeka, umeweka flashi ya Windows, na sasa umekwama. Ama setapu haioni diski kabisa, ama inaiona na kuikataa, ama kila kitu kimeingia vizuri lakini ukiwasha kioo kinaandika kwamba hakuna diski ya kubuti, yaani ya kuwashia mashine. Maswali haya matatu hayaishi, na muulizaji huwa ameshaamua kwamba SSD ni mbovu, anajiandaa kurudi dukani kugombana. Usiende bado. SSD kufa ikiwa ndani ya boksi ni jambo la nadra. Mara nyingi tatizo ni moja kati ya haya: aina ya SSD haiendani na sloti, flashi imebutiwa kwa mtindo usiolingana na diski, au hadi diski ya zamani imeachwa ndani wakati wa kupiga Windows.

Mwongozo huu ni wa Windows 11. Ukibaki na Windows 10 hatua ni zilezile, ila jua kwamba masasisho yake ya kawaida ya usalama yalifikia kikomo tarehe 14 Oktoba 2025.

Andaa hivi kabla ya kushika bisibisi

- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kilichomo kitafutika chote.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, na bando la kutosha. Faili la ISO (faili moja lenye setapu nzima) la Windows 11 pekee linazidi GB 5, kwa hiyo bando la GB 3 la usiku halitakufikisha.
- Bisibisi ndogo ya nyota. Skrubu za laptopu zipange kwenye karatasi kwa mpangilio ulivyozifungua, maana urefu wake haulingani na ndefu ikiingia mahali pa fupi hutoboa upande wa pili.
- Chaja, na betri inayokaa na chaji. Umeme ukikatika katikati ya kazi kwenye laptopu isiyo na betri, utaanza upya.
- Simu ya Android na waya wake wa USB. Utaihitaji kwenye hatua ya 8.
- Bakapu ya mafaili yako. Kama diski ya zamani imefungwa kwa BitLocker, tafuta kwanza ule ufunguo wa tarakimu 48; mara nyingi umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kwenye mashine hiyo.

Ufunguo wa Windows usikuhangaishe. Kama laptopu ilikuwa na Windows 11 halali, leseni imefungamana na ubao mama, haimo kwenye diski. Ukiulizwa ufunguo, bofya "I don't have a product key", kisha chagua toleo lilelile la mwanzo: Home kwa Home, Pro kwa Pro. Ikipata intaneti itajiamilisha yenyewe. Anayekuuzia "ufunguo kwa sababu umebadilisha SSD" anakuuzia hewa.

SSD yako ni ipi?

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Kuna SSD ya inchi 2.5, yenye umbo la hadi diski ya kawaida ya laptopu, inayotumia SATA (njia ya zamani ya kuunganisha diski). Hiyo haina shida: palipokaa hadi diski ya laptopu, nayo itakaa. Halafu kuna zile nyembamba kama kipande cha big jii, zinazoitwa M.2. M.2 ni jina la umbo tu. Ndani yake inaweza kuwa SATA au NVMe (njia mpya yenye kasi zaidi), na sloti nyingi za laptopu za zamani zinapokea aina moja tu. SSD ya NVMe itaingia vizuri kwenye sloti ya SATA, skrubu itakaza, na mashine haitaiona milele.

Watu husema uhesabu mapengo kwenye meno ya dhahabu: mawili ni SATA, moja ni NVMe. Kwa kawaida ni kweli, lakini zipo NVMe zenye mapengo mawili, kwa hiyo soma stika. Ikiandikwa NVMe au PCIe, ni NVMe. Ikiandikwa SATA au 6 Gb/s, ni SATA. Kisha tafuta modeli ya laptopu yako kwenye tovuti ya mtengenezaji na usome mwongozo wa ufundi kujua sloti inapokea nini.

Angalia na urefu. Namba 2280 maana yake ni upana wa milimita 22 na urefu wa milimita 80. 2242 ni milimita 42. Laptopu iliyotengenezewa 2242 haitaimeza 2280 hata ukiisukuma.

Kwa kompyuta ya mezani, SSD ya SATA inahitaji nyaya mbili: ule mwembamba wa data kwenda ubao mama, na ule mpana wa umeme kutoka pawasaplai. Wengi huweka mmoja na kuanza kulaumu diski. Kosa lingine la mezani: kwenye baadhi ya ubao mama, ukijaza sloti ya M.2, tundu moja au mawili ya SATA hujizima. Hadi diski yako ya pili ikitoweka ghafla, ihamishie tundu jingine.

Kazi yenyewe

1. Tengeneza flashi. Pakua ISO kutoka tovuti ya Microsoft, si kwenye kundi la Telegram. Fungua Rufus (programu ya kutengeneza flashi ya kubutia), chagua flashi na ISO, kisha hakikisha "Partition scheme" imeandikwa GPT (mpangilio mpya wa diski) na "Target system" imeandikwa UEFI (mtindo mpya wa kubuti). Ukibonyeza "Start", Rufus itakuuliza kama uondoe masharti ya TPM 2.0 na Secure Boot, ulinzi ambao Windows 11 hudai mashine iwe nao. Mashine yenye prosesa ya Intel kizazi cha 8 au zaidi kwa kawaida haihitaji hilo. Laptopu nyingi za mtumba za kizazi cha 6 na cha 7 zinalihitaji. Weka tiki, ukijua kwamba Microsoft haiahidi kuzihudumia.

2. Zima laptopu kabisa, chomoa chaja, kisha chomoa kiunganishi cha betri ndani kama kinafikika. Gusa chuma kisichopakwa rangi kuondoa umeme tuli mwilini.

3. Toa diski ya zamani. Hata kama unapanga kuirudisha baadaye, itoe sasa. Setapu ya Windows ikikuta diski nyingine yenye sehemu ya kubutia, huiweka bootloda yake (programu ndogo inayoianzisha Windows) humo badala ya kwenye SSD mpya. Kila kitu kitaonekana sawa hadi siku utakapoitoa ile ya zamani.

4. Funga SSD. Ya M.2 ingiza ikiwa imeinuka kwa mshazari, nyuzi 30 hivi, sukuma hadi meno ya dhahabu yaishie ndani yote, na ukiiachia ibaki imenyanyuka yenyewe. Hapo ilaze na ukaze skrubu. Kama bado unaona mstari mpana wa dhahabu nje ya sloti, haijafika. Skrubu ikaze kwa vidole viwili, usiikabe.

5. Kabla ya kuchomeka flashi, ingia BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama) kwa kubonyeza kitufe chake ukiwasha. Kwa HP ni F10, Dell F2, Lenovo F2 au F1 kwa ThinkPad, Acer na Asus F2. Tafuta orodha ya diski. Hii ndiyo hatua inayogawa tatizo pande mbili. BIOS ikiiona SSD, kifaa ni kizima na sloti ni sahihi. Likitokea tatizo mbele, ni la mpangilio au draiva. BIOS isipoiona, hakuna Windows itakayoiona, kwa hiyo usipoteze saa mbili kubadilisha flashi. Ukiwa humo, hakikisha mtindo wa kubuti ni UEFI, sio Legacy wala CSM (majina ya mtindo wa zamani), na tarehe ni sahihi. Tarehe ikirudi nyuma miaka kila ukizima, betri ndogo ya ubao mama imekwisha, na mipangilio unayoweka hapa huenda isikae.

6. Chomeka flashi, washa, bonyeza kitufe cha menyu ya kubuti: F9 kwa HP, F12 kwa Dell na Lenovo, Esc kwa Asus. Kwa Acer ni F12, lakini mara nyingi lazima uiruhusu kwanza ndani ya BIOS. Flashi yako inaweza kuonekana mara mbili, moja ikitanguliwa na neno UEFI na nyingine jina tupu. Chagua yenye UEFI. Ukichagua jina tupu, unaweza kukutana baadaye na ujumbe kwamba diski ni ya GPT na haifai.

7. Fuata setapu hadi kwenye orodha ya diski. SSD mpya inapaswa kuonekana kama "Unallocated Space" moja. Ichague hivyohivyo ilivyo na ubonyeze "Next". Usikate patisheni, usifomati. Setapu itatengeneza zake yenyewe: ya EFI ya MB 100 hivi, ndogo ya MB 16, ya Windows, na ya urekebishaji. Ukitaka D: ya mafaili, utaikata baadaye ndani ya Windows. Mashine itakaporestati kwa mara ya kwanza, chomoa flashi palepale. Ukiiacha, laptopu nyingine hurudi kuanza setapu mwanzo, na mtu hudhani imeingia kwenye mzunguko wa wazimu.

8. Ukifika pa kuunganisha intaneti na hakuna Wi-Fi yoyote kwenye orodha, Windows haina draiva ya Wi-Fi yako, na Windows 11 haikuruhusu kirahisi kuendelea bila intaneti. Hapa ndipo simu inapoingia: iunganishe kwa waya wa USB, ingia kwenye mipangilio ya hotspot, washa USB tethering. Windows itaiona simu kama mtandao wa waya. Ukimaliza, acha Windows Update ipakue draiva, lakini tazama bando, maana masasisho ya mwanzo ni mazito.

Inapogoma

*BIOS haioni SSD.* Zima, itoe, irudishe tena kwa uangalifu. Nusu milimita inatosha kuleta shida. Thibitisha aina yake na ya sloti. Kama ni NVMe kwenye kompyuta ya mezani ya takriban kabla ya 2014, uliyoiwekea kadi ya PCIe, ubao mama wake pengine hauwezi kubuti NVMe. Hata ukisasisha BIOS usitegemee muujiza. Nunua ya SATA ya inchi 2.5. Kwenye mashine ya umri huo, tofauti ya SATA na NVMe kwa kazi za kila siku hutaihisi. Tofauti ya SSD na hadi diski utaihisi siku ya kwanza.

*BIOS inaiona, setapu haiioni.* Ukiwa na laptopu ya Intel kizazi cha 11 na kuendelea, jibu karibu kila mara ni kitu kinachoitwa VMD, kidhibiti cha diski ambacho setapu ya Windows inaweza kukosa draiva yake. Una njia mbili. Ya haraka ni kukizima ndani ya BIOS. Dell huandika RAID On na AHCI/NVMe, chagua AHCI/NVMe. Kwenye Acer nyingi chaguo limefichwa: nenda ukurasa wa Main, bonyeza Ctrl na S pamoja, nalo litajitokeza. Onyo: ukibadilisha huku kuna Windows nyingine ndani ya mashine hiyo, ile Windows itaanguka na skrini ya bluu. Kwa SSD tupu hakuna madhara.

Njia ya pili ni kuipa setapu draiva, na kwa baadhi ya laptopu ndiyo pekee kwa sababu BIOS haikupi pa kuzima. Pakua Intel Rapid Storage Technology ya kizazi chako. Ikija kama faili la SetupRST.exe, ifungue kwenye kompyuta nyingine kwa amri hii:

SetupRST.exe -extractdrivers C:\vmd

Nakili folda hiyo kwenye flashi. Kwenye orodha ya diski iliyo tupu bonyeza "Load driver", elekeza kwenye folda yenye faili la iaStorVD.inf, na uchague jina lenye 9A0B kwa kizazi cha 11, au 467F kwa cha 12. SSD itajitokeza papo hapo. Kosa la kawaida ni kunakili lile faili la exe lenyewe: setapu haiwezi kulifungua, itakuambia haikupata draiva.

*"The selected disk has an MBR partition table."* Umebuti kwa UEFI, lakini diski ina mpangilio wa kizamani wa MBR. Hutokea kwa SSD iliyowahi kutumika, au iliyojaribiwa dukani. Kama hakuna unachokihitaji ndani yake, bonyeza Shift na F10 (kwenye baadhi ya laptopu ongeza Fn), dirisha jeusi litafunguka. Andika mstari kwa mstari:

diskpart
list disk

Simama hapa. Soma safu ya ukubwa. Flashi yako nayo ipo kwenye orodha, na kama ulipuuza hatua ya 3, hata diski yenye picha za harusi ipo. SSD ya GB 256 itaandikwa 238 GB. Ukishajua namba yake, tuseme ni 0:

select disk 0
clean
convert gpt
exit

Amri ya clean haiulizi mara mbili. Ukitaka kuhakikisha, andika list disk kabla ya exit: chini ya safu ya Gpt, kwenye mstari wa diski yako, patakuwa na nyota ndogo. Funga dirisha, bonyeza "Refresh", endelea.

Ujumbe ukiwa kinyume chake, kwamba diski ni ya GPT na haifai, tatizo si diski. Umebuti flashi kwa Legacy. Rudi hatua ya 6.

*"We couldn't create a new partition or locate an existing one."* Chomoa kila kilichochomekwa cha kuhifadhia isipokuwa flashi ya setapu: kadi ya kamera, hadi diski ya nje, flashi ya pili. Kisha safisha SSD kwa clean kama hapo juu. Msimbo 0x80300024 nao hutibiwa hivihivi.

*"A media driver your computer needs is missing."* Ujumbe unapotosha, mara nyingi hakuna draiva inayokosekana, setapu imeshindwa tu kuisoma flashi yake yenyewe. Hamisha flashi kwenye tundu jingine, hasa kutoka USB 3 kwenda USB 2. Ikirudia, itengeneze upya.

*0x8007025D au 0x80070570 katikati ya kunakili.* Setapu imesoma faili lililoharibika. Anza na ISO: kwenye kompyuta nyingine andika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na ulinganishe na namba iliyo kwenye ukurasa wa Microsoft. Zikilingana, badilisha flashi. Flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 64 huku ndani zina 8 ni janga. Ikiendelea, shuku RAM: toa kipande kimoja, jaribu, kisha kingine.

*Imeingia, lakini ukiwasha hakuna diski ya kubuti.* Kwanza angalia kwenye BIOS kama "Windows Boot Manager" ipo na ni ya kwanza. Kama haipo na uliacha diski ya zamani ndani wakati wa setapu, bootloda imebaki kule. Kama hujaweka programu zozote, toa diski hiyo na upige upya. Ni kazi ya nusu saa. Kama umeshahamia, buti flashi, bonyeza Shift na F10, ingia diskpart, andika list volume, na utambue herufi ya Windows. Mara nyingi si C ukiwa humo. Tuseme ni D, na ni volume ya 1:

select volume 1
shrink desired=300
create partition efi size=260
format quick fs=fat32
assign letter=S
exit
bcdboot D:\Windows /s S: /f UEFI

Ukiona imeandikwa kwamba mafaili ya kubuti yametengenezwa, restati. Hii inafanya kazi kwa diski ya GPT pekee.

*SSD ya GB 500 inaonyesha 465.* Hujaibiwa. Mtengenezaji anahesabu GB kwa bilioni kamili, Windows inahesabu kwa 1,024. Ya 120 huonyesha 111, ya 240 huonyesha 223, ya TB 1 huonyesha 931.

*Inaonyesha ukubwa wote, lakini mafaili yanaharibika ikijaa.* Hapo sasa uwezekano wa kuibiwa upo. Baadhi ya SSD bandia ni kasha lenye kadi ya kumbukumbu ndani, iliyodanganywa ijitangaze kubwa. Endesha H2testw ijaze diski nzima na kuisoma tena. Huchukua muda lakini haidanganyiki. Fungua pia CrystalDiskInfo usome saa ilizowashwa. SSD uliyoiita mpya ikiwa na saa 9,000, imeshafanya kazi mwaka mzima mahali pengine.

Kwa wa Linux

Mambo ni yaleyale: UEFI, diski ya zamani nje, VMD au RST (ile Rapid Storage ya Intel) izimwe kwenye BIOS. Kuzima huko ndiyo njia ya kawaida, maana hakuna kubofya "Load driver". Kwa laptopu ya RAM GB 4 na prosesa ya kale, Linux Mint itakutendea wema kuliko Windows 11 iliyolazimishwa.

Lini urudi dukani

Ukiwa umethibitisha aina ya sloti, umeirudisha SSD kwa uangalifu, na BIOS bado haiioni, ijaribu kwenye mashine ya pili au kwenye kasha la USB linalolingana nayo. Kasha la SATA halisomi NVMe, usijidanganye na hilo. Isipoonekana kote kuwili, ipeleke dukani pamoja na risiti na boksi, na uombe ijaribiwe mbele yako kwenye kompyuta yao. Stika usiibandue; maduka mengi hukataa dhamana kwa stika iliyochanika.